KUGOMBEA BARAZA LA KILIMA BILA KUUZA MBUZI

Kusini mwa mji wa Rumonge, barabara kuu itokayo Bujumbura kwenda Nyanza-Lac hupita katika kivuli cha msitu wa Kigwena, mojawapo ya mabaki machache ya misitu ya asili katika tambarare ya Imbo. Kivuli kikiisha huanza michikichi, kisha mihogo na migomba, kisha nyumba, na chini kabisa ni Ziwa Tanganyika. Wakati wa kiangazi akina mama huanika ndagala ufukoni, na harufu ya samaki huchanganyika na ile ya mawese yanayokamuliwa. Abiria wa basi hupita mahali hapa kwa dakika chache tu. Hana njia ya kujua kwamba mwaka 2025 wakazi wa vilima hivi, kama wenzao wa Burundi nzima, walikwenda kupiga kura mara mbili katika muda wa miezi mitatu, na kwamba kura ya pili, ambayo magazeti ya nje hayakuiandika sana, ndiyo iliyogusa mipaka ya mashamba yao.

Kura ya kwanza, ya tarehe 5 Juni, ilikuwa ya wabunge na wajumbe wa mabaraza ya tarafa. Hiyo ni kura ya vyama. Mwananchi huchagua orodha iliyokwisha kupangwa, na mwenye kutaka jina lake liingie humo hana budi kupita kwanza kwa wakubwa wa chama. Kura ya pili, ya tarehe 25 Agosti, ilikuwa ya kilima, ambacho kwa Kirundi huitwa umutumba. Huko hakuna orodha wala bendera. Sheria inataka kila mgombea asimame peke yake, kwa jina lake, bila chama nyuma yake.

Katika muda wa miaka kumi kilima kimehamishwa mikoa mara mbili bila kusogea hata hatua moja. Hadi mwaka 2015 Rumonge ilikuwa tarafa ya mkoa wa Bururi. Mwaka huo ukaundwa mkoa wa Rumonge. Kisha sheria ya mwaka 2023 ikapunguza mikoa ya nchi kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42, na Rumonge ikawa tarafa moja katika mkoa mpya wa Burunga. Ofisi za wakubwa zimekwenda mbali zaidi na mkulima. Baraza la kilima, lenye wajumbe watano tu, limebaki mlangoni pake.

WATU WATANO NA MPAKA WA SHAMBA

Mabaraza haya yalichaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya utaratibu wa sasa tarehe 23 Septemba 2005, mwaka ule ule ambao Burundi ilipata katiba mpya baada ya vita virefu na Mkataba wa Amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000. Tangu hapo uchaguzi umerudiwa kila baada ya miaka mitano. Wagombea watano wanaopata kura nyingi huingia barazani, na anayewashinda wote huwa mkuu wa kilima. Kazi yao haina makeke. Hutoa maoni juu ya mambo ya kilima, hufuatilia shughuli za tarafa zinazofanyika hapo, na, jambo ambalo ndilo kubwa kuliko yote, hupatanisha majirani waliogombana.

Msomaji asidhani kwamba ugomvi wa majirani ni jambo dogo. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza katika ukanda huu wa ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji makubwa yaliyofuata nchini yaliwakimbiza watu maelfu kwa maelfu. Wengi walipokewa Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba waliyoyaacha hayakukaa bure. Mengine yalilimwa na wageni waliopewa na wenye mamlaka, na mengine yaliingia katika mradi wa serikali wa michikichi. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwakimbiza wengine tena. Amani iliporudi, na hasa kuanzia mwaka 2008, familia za mwaka 1972 zilirejea zikiwa na watoto na wajukuu waliozaliwa ugenini, wakizungumza Kiswahili kuliko Kirundi, na zikakuta mtu mwingine anavuna michikichi iliyoota penye kaburi la babu.

Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilipewa kazi ya kuamua mashauri kama hayo. Maamuzi yake yaliwafurahisha wengine na kuwaumiza wengine, na muda wake umekwisha. Ugomvi haukuisha pamoja nayo. Mtoto wa aliyekimbia na mtoto wa aliyebaki wanachota maji mahali pamoja, na ng'ombe wa mmoja anapovuka kwenda kwenye mihogo ya mwingine, shauri la miaka hamsini huamka siku hiyo hiyo. Wa kwanza kuitwa ni mkuu wa kilima na wenzake wanne, pamoja na wazee wenye heshima ambao Warundi tangu zamani huwaita bashingantahe.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kusema kwamba kampeni ya kilima lazima iwe ya gharama ndogo. Umaskini wa mgombea ni sehemu tu ya sababu hiyo. Mtu aliyeingia barazani kwa kuwanywesha watu wa upande mmoja wa kijito atasikilizwaje na upande wa pili siku ya kupima mpaka? Aliyekopeshwa fedha za kampeni na mwenye mashine ya kukamulia mawese atafanya nini mwenye mashine huyo atakapodaiwa shamba na mjane? Fedha inayoweza kumwingiza mtu barazani ndiyo inayomzuia kufanya kazi ya baraza.

MFUKO WA NYUMBANI

Mfano na uwe wa mama mmoja mchuuzi wa ndagala, mwenye watoto wanne shuleni, mume wake akiwa kazini mbali, ambaye majirani wamezoea kumwita waume na wake wanapokosana. Mama wa namna hiyo yupo karibu katika kila kilima cha ukanda wa ziwa. Siku moja wanawake wenzake wanamwambia, "Mama, safari hii jiandikishe." Hana gari, hana pikipiki, na akiba yake yote ni ile iliyomo katika sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa.

Jambo la kwanza la kufanya haliko barabarani, liko mezani kwake. Mume na mke wakae wahesabu fedha ambayo haitaguswa kwa hali yoyote: ada na madaftari ya watoto, kwa kuwa mwaka wa shule huanza Septemba, wiki chache tu baada ya kura, mbegu za mvua za kwanza, fedha ya dawa, na mtaji wa biashara, yaani ile fedha ya kununulia ndagala mbichi alfajiri. Kinachobaki baada ya hapo ndicho mfuko wa kampeni. Kikiwa kidogo, na kiwe kidogo. Wapo waliouza mbuzi wakisema watamrudisha wakishinda, wakasahau kwamba baraza la kilima halina mshahara wa kurudishia mbuzi.

Jambo la pili ni sanduku la kikundi. Ikiwa mgombea ndiye mwenyekiti au mtunza fedha wa kikundi, na akabidhi ufunguo kwa mwenzake mbele ya wanachama wote kabla ya kuanza kuomba kura, na hesabu isomwe kwa sauti. Asikope humo kwa ajili ya kampeni, hata kama kanuni zinaruhusu. Kijiji kizima kitajua kabla jua halijatua, na sifa aliyoijenga kwa miaka mingi katika kutunza fedha za wenzake itakuwa imekwisha.

Matumizi yenyewe ni machache, na yanaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja wa daftari. Kuna nakala na picha za kujiandikishia. Kuna vocha za simu, nazo ni za kupokea habari kuliko kupiga. Kuna betri za tochi, kwa sababu mazungumzo mengi huisha usiku. Kuna sabuni ya kufulia kitenge na shati, maana mgombea akiingia katika ua wa watu akiwa mchafu huonekana amewadharau. Kuna chai ya wale watatu au wanne wanaofuatana naye. Mabango hayana faida mahali ambapo kila mtu anamjua mgombea kwa sura, kwa ukoo na kwa madeni yake. Daftari hilo liachwe wazi nyumbani, yeyote anayetaka na alisome. Hakuna sheria inayomlazimisha mgombea wa kilima kufanya hivyo, lakini maneno ya watu kuhusu fedha hupungua pale karatasi inapoonekana.

TAKRIMA NA MKONO MTUPU

Hapa ndipo wagombea wengi wanapoteleza. Ukanda wa ziwa una desturi zake za ukarimu. Penye wakulima wa migomba kuna pombe ya ndizi, urwarwa, inayozunguka kwa mrija. Kwa Waislamu wa Rumonge kuna kahawa na chai ya tangawizi. Penye msiba kila mtu huja na chochote alicho nacho. Ni aibu kufika kwa mtu mikono mitupu, na waombaji kura wa kila nchi wamejifunza kujificha nyuma ya aibu hiyo. Mkono mtupu haulambwi, wanasema.

Tanzania iliwahi kuijaribu njia hiyo kisheria. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ili kuruhusu "takrima", yaani ukarimu wa kimila unaofanywa na mgombea kwa nia njema. Watetezi wa haki za binadamu walikwenda mahakamani wakisema kwamba mlango huo unampendelea mwenye fedha na kumnyima maskini nafasi sawa, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinapingana na katiba. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Majaji hawakuikataza chai. Walilolikataa ni kumwacha mgombea mwenyewe aseme wapi ukarimu unaishia na rushwa inaanzia.

Katika kilima mpaka huo unaweza kuonekana kwa macho, kama mtu anataka kuuona. Anayekwenda msibani wakati wa kampeni na apeleke kile kile alichokuwa akipeleka mwaka uliopita, unga wa mihogo au kuni, na akichukue kichwani mwake mwenyewe. Akipeleka gunia ambapo zamani alipeleka kibaba, wafiwa watalipokea gunia na kuhesabu tofauti. Nyumbani kwake mgeni apewe kile ambacho nyumba hiyo humpa mgeni siku zote. Na vijana watakaomwambia, "Mama, tununulie hata chupa moja tukupigie debe," wajibiwe kwa upole kwamba chupa hiyo wataidai tena kila mwezi kwa miaka mitano, naye hana kiwanda.

KAMPENI YA MIGUU

Mwaka 2025 ulikuwa mgumu kwa mafuta ya gari. Burundi ilikuwa katika uhaba mkubwa wa petroli kwa muda mrefu, na hata mwenye pikipiki alilazimika kuisukuma. Uhaba huo uliwaudhi wasafiri na wafanyabiashara, lakini katika uchaguzi wa kilima uliwasawazisha wagombea kwa namna ambayo hakuna tume ingeweza kuipanga. Kilima hakina eneo kubwa. Mtu mwenye miguu mizima anaweza kukimaliza kwa siku chache, nyumba kwa nyumba, akianza na zile za mbali ambazo wengine huzipuuza.

Kutembea nako kunahitaji kujua saa za watu. Wakulima hupatikana jioni, wakirudi na majembe. Akina mama wa ndagala hupatikana asubuhi penye uanikaji, na huko mgombea hasimami akahutubia. Huinama akageuza samaki pamoja nao na kusikiliza. Wakamuaji wa mawese hupatikana penye mashine, wakati wa kusubiri zamu. Wagumu kuliko wote ni wavuvi. Ndagala huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga wa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali mitumbwi hupumzika. Mwezi wa Agosti 2025 ulikuwa mpevu karibu na tarehe 9, na ulipotea kabisa tarehe 23, siku mbili tu kabla ya kura. Kwa hiyo mgombea aliyewasubiri wavuvi hadi siku za mwisho aliwakuta wako ziwani usiku na usingizini mchana. Aliyekumbuka kuwatembelea wakati wa mbalamwezi, walipokuwa wamekaa ufukoni wakishona nyavu, alipata nafasi ya mazungumzo marefu. Kalenda ya namna hiyo haiuzwi dukani, na mtu wa kuja kutoka mjini na fedha zake asingeifikiria.

Lugha nayo ina uzito wake. Katika kilima cha ukanda huu mgombea husalimu kwa Kirundi katika ua mmoja na kwa Kiswahili katika ua unaofuata, na penye nyumba ya waliorejea kutoka Tanzania hukuta mzee anayejibu kwa Kirundi cha zamani na mjukuu anayejibu kwa Kiswahili cha Kigoma. Mgombea asiyejali humwita mzee yule "mgeni" bila kukusudia. Neno hilo moja linaweza kumpotezea ukoo mzima. Mwenye busara humwita "mzee wetu", humwuliza habari za safari ya kurudi, na humwacha amalize, hata kama jua linazama.

Na ahadi? Kilima hakina bajeti ya kujenga barabara wala zahanati. Anayeahidi mambo hayo anadanganya au hajasoma kazi anayoiomba. Ahadi zilizo ndani ya uwezo wa watu watano ni ndogo: kwamba shauri likiletwa litasikilizwa kwa siku iliyotajwa, mbele ya pande zote mbili, kwamba hakuna atakayetozwa kitu ili asikilizwe, kwamba mwanamke atasema mwenyewe, bila kusemewa na shemeji, kwamba habari za tarafa zitaletwa kilimani jinsi zilivyo. Maji ya ziwa yalipopanda na kuvamia nyumba za ufukoni katika pwani ya Rumonge, kama ilivyotokea vibaya mwaka 2024, waliohitajika kwanza walikuwa watu wa kuhesabu kaya zilizokosa makazi bila kuongeza ndugu zao katika orodha. Hiyo nayo ni ahadi inayoweza kutolewa.

KITI CHA TANO

Wagombea wengi wadogo hukata tamaa wanapomwona tajiri wa kilima akijiandikisha. Wanasahau hesabu. Viti ni vitano, na tajiri hawezi kukalia zaidi ya kimoja. Wagombea wakiwa kumi au kumi na watano kura hutawanyika, na anayeingia wa tano huhitaji kura chache sana kuliko wa kwanza. Mama mchuuzi hana haja ya kumshinda mtu mashuhuri. Anahitaji kaya zinazomjua vizuri zikumbuke kutoka siku hiyo. Na barazani kura ya wa tano ni sawa na ya wa pili.

Hesabu hiyo ina maana zaidi kwa wanawake. Bungeni katiba ya Burundi inataka wasipungue asilimia 30, na sheria ya uchaguzi ilifikisha kiwango hicho kwenye mabaraza ya tarafa kuanzia mwaka 2010. Kilimani hakuna kiwango chochote, na wanawake waliokuwa wakuu wa vilima tangu mwaka 2005 wamekuwa wachache sana. Anayetaka kuingia hana wa kumshika mkono isipokuwa majirani. Kwa upande mwingine hana orodha ya kumweka chini, wala katibu wa chama wa kumwambia asubiri zamu yake.

Wenye kuijua Burundi watasema kwamba chama hakikosekani hata mahali ambapo hakikuandikwa. Ni kweli kwamba chama tawala, CNDD-FDD, ndicho chenye nguvu nchini. Katika uchaguzi wa tarehe 5 Juni 2025 kilichukua viti vyote 100 vya Bunge vilivyopigiwa kura. Ni kweli pia kwamba kilimani kila mtu anajua jirani yake ni wa chama gani. Hata hivyo msimamo wa sheria una faida zake. Mgombea binafsi wa ubunge, kwa mujibu wa katiba ya mwaka 2018, hahesabiwi kuwa ameshinda asipopata angalau asilimia 40 ya kura, ngazi ambayo watu wachache wanaweza kuipanda. Kilimani kila mgombea ni mgombea binafsi, na mtu asiye na kadi yoyote anahesabiwa kura zake moja moja kama mwingine.

Majirani wa Burundi wamechagua njia tofauti. Tanzania, iliyofanya uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa tarehe 27 Novemba 2024, hataki mtu agombee bila kudhaminiwa na chama. Kenya, tangu katiba ya mwaka 2010, humruhusu mgombea binafsi wa baraza la kaunti, ila alete saini za wapiga kura 500 wa wadi yake. Uganda, tarehe 10 Julai 2018, iliwachagua wenyeviti wa vijiji kwa watu kupanga mstari nyuma ya mgombea wao, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 17. Mstari hauna gharama ya karatasi, lakini humwonyesha tajiri ni nani amemkataa. Wakenya wanaoukumbuka mlolongo wa mwaka 1988 hawahitaji kuelezwa zaidi.

NYUMBA YA ASKARI

Swali moja huulizwa katika nyumba za kambini. Je, mke wa mwanajeshi au wa polisi anaweza kugombea? Katiba ya Burundi inawataka wanajeshi na polisi wasiwe wanachama wa vyama, wasionyeshe upendeleo wa kisiasa, na wasishiriki katika shughuli za vyama. Mke hakuapa kiapo hicho. Yeye ni raia mwenye haki zake zote, na kilima anachoishi ni chake. Ugumu unamhusu mume. Akiwa likizo wakati wa kampeni, na amsaidie mkewe kwa kazi za nyumbani, apike na kuwalea watoto, jambo ambalo kwa askari wengine ni mafunzo mapya. Asifuatane naye milangoni mwa watu, wala sare yake isionekane ikining'inia uani siku wageni wanapokuja kuzungumza kura. Jirani akiona sare hawezi kusema hapana kwa uhuru, na ndiyo aliyoisema haina thamani.

Polisi anayepangwa kulinda kituo cha kura katika kilima ambapo ndugu yake anagombea afanye jambo moja rahisi: amwarifu mkubwa wake mapema, apelekwe kilima kingine. Wananchi hawatajua kama alikuwa mwadilifu moyoni. Watajua tu alisimama wapi.

Askari waliorudi uraiani ni jambo tofauti. Baada ya vita, kuanzia mwaka 2004, maelfu ya wapiganaji wa pande zote waliweka silaha chini na kurudi makwao. Aliyevua sare ana haki ya kugombea kama mkulima yeyote, na wengi wana nidhamu ya kuamka mapema na kutunza kumbukumbu. Wanalopaswa kulijua ni kwamba kilima hakiamrishwi. Mtu aliyezoea kutoa amri ikatekelezwa atajikuta amekaa chini ya mwembe kutwa nzima akisikiliza wazee wawili wakibishana juu ya jiwe la mpaka, na hana ruhusa ya kuondoka.

Kura zikishahesabiwa na watano wakatangazwa, daftari la matumizi hufungwa. Anayetoka kapa hurudi kwenye ndagala wake akiwa na mtaji wake mzima, na mwaka wa shule unapoanza watoto wana madaftari. Aliyeshinda huamka asubuhi akakuta watu wawili wamekaa ukutani kwake wakimsubiri, mmoja huku, mwingine kule, hawasemeshani. Mmoja alimpigia kura. Mwingine alipita nyumba kwa nyumba akimpinga. Baina yao kuna mchikichi mmoja ulioota penye mpaka, nao umekwisha kuiva.